STAA KUVUA NA WANAWE SIO USHAMBA, ILA AWATOE KWENYE MAJI

Tangu juzi kuna picha zinazunguka huko Instagram za staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ila mtoto wa Kanda ya Ziwa mnamjua. Kaenda kwao kupumzika, akaonekana ufukweni na baba yake mzee pamoja na wanawe wawili wanavua kwa ndoano. Basi watu wamemnanga weee! Eti pesa zimeisha, eti anawafundisha watoto umaskini. Dada mmoja kaandika mtoto wa staa hashikishwi nyungunyungu. Kwani ana sumu?

Kiukweli hapo mmemwonea. Mimi nimekulia Mwanza na mzee wangu hakuwa mvuvi, alikuwa fundi baiskeli. Jumapili jioni tunachimba nyungunyungu nyuma ya bafu, pale kwenye migomba ambapo udongo haukauki, tunawaweka kwenye kopo la maziwa na udongo wao ili wasife. Fimbo, uzi wa nailoni, ndoano, na kipande cha ndala iliyokatika ndio boya. Kikizama tu, vuta! Mara nyingi ni furu. Wakubwa tunakaanga, wadogo tunawauzia wavuvi wa sangara wakawafanye chambo. Sato ukimtaka unajaribu na tonge la ugali, ila ugali unaliwa na ndoano inarudi tupu. Gogogo mzee hakuniruhusu kumgusa kabisa, yule ana miiba mitatu, akikuchoma unalia mpaka usiku.

Mzee wangu nyumbani haongei. Akikaa na mshipi ndio anaongea, tena bila kukuangalia, macho yote kwenye ndala. Hapo ndipo aliponiambia hela ya kunipeleka form five hana. Nilikuwa nimeshika kopo la chambo. Kama angeniita sebuleni akanikalisha kwenye kochi, nadhani ningemjibu vibaya. Pale nilinyamaza, nikachomeka nyungunyungu mwingine tukaendelea. Sasa mtu aniambie kumpeleka mwanao akavue ni umaskini!

Ila staa wetu na mimi nina neno naye, na nashangaa kwenye maoni yote yale hakuna aliyeliona. Ile picha ya pili, watoto wamesimama kwenye maji mpaka magotini, katikati ya matete. Ndugu zangu, ule ni mtego wa kichocho. Vile vikonokono vidogo vinavyokaa kwenye majani ya ufukweni ndivyo vinatoa vijidudu vya kichocho, na wala huna haja ya kunywa maji. Vinapenya ngozi umesimama tu, huvioni kwa macho.

Nayajua haya kwa sababu mdogo wangu yalimkuta akiwa darasa la nne. Tumbo linauma wiki nzima, chooni anatoa damu, anaficha kwa aibu. Sisi tukadhani kala maembe mabichi. Mpaka shuleni walipokuja wagawa dawa na ule mti wa kupimia urefu, ukiwa mrefu unapewa vidonge vingi, ndio akamwambia mama. Alikunywa, akapona. Alafu likizo akarudi kuogelea palepale, akaupata tena, maana ugonjwa huu ukipona haukuachi na kinga ya kukutosha. Mzee tangu siku hiyo alituchorea mpaka, kuvua ni juu ya mawe tu, atakayelowesha mguu anarudi nyumbani. Na Mwanza ukikosa jiwe la kukalia labda umefumba macho.

Kwa hiyo kaka staa, najua timu yako inapita humu. Usifute picha, na usiache kwenda. Ila wapeleke watoto wakapime kichocho, maana dawa ipo na inatibu. Na safari nyingine, lile jiwe kubwa kavu alilokalia babu yao kwenye picha hiyohiyo lina nafasi ya watu watano.

Haya wadau, tiririkeni hapo chini. Nyie kwenu mlivulia chambo gani? Na nani alikuwa anashika kopo?