Tusilaumu Tanuri Kabla ya Kupima Unga

Msimu wa miradi ukifika, sisi wa mwaka wa nne wimbo wetu ni mmoja: tanuri bovu, foleni ndefu, joto halifiki. Mwaka huu na mimi niliuimba. Vipande vyangu vya kauri, mchanganyiko wa kaolini ya Pugu, feldispa na kwatzi, vilitoka vinapendeza, lakini kwenye mashine ya kupimia nguvu vikavunjika kama biskuti. Nikachoma vingine kwa nyuzi 1,300. Yale yale.

Fundi wa maabara aliniuliza swali moja tu: "Kwatzi yako uliichekecha?" Jamani, nilikuwa nimechota gunioni.

Hapo ndipo penye kosa letu. Ndani ya tanuri feldispa huyeyuka ikawa kioo, kaolini huzaa fuwele za mulaiti, na sehemu ya kwatzi hubaki chembe chembe ndani ya kioo hicho. Kauri inapopoa na kufika nyuzi 573, kwatzi hunywea ghafla kuliko kioo kinachoizunguka. Chembe ikiwa kubwa, inajipasua na kuacha ufa pembeni yake. Ikiwa ndogo mno, inayeyukia kwenye kioo na faida yake inapotea. Tafiti nyingi za kauri zimeona nguvu bora kwenye chembe za mikroni 10 hadi 30 hivi. Kwa hiyo ufa niliouona mwishoni niliupanda mwenyewe mwanzoni, na hakuna tanuri la kuufuta.

Wapo watakaosema tanuri jipya ndilo la kupigania. Sikatai, lakini tanuri jipya litachoma unga mbaya vizuri tu, na tutavunja vipande vile vile. Seti ya machekecheo na kinu cha kusagia ni bei ndogo zaidi, na vinahudumia kila mradi.

Naomba mambo mawili. Serikali yetu ya wanafunzi ipeleke machekecheo kwenye orodha ya madai ya muhula huu. Na idara isipokee ripoti ya kauri isiyo na ukurasa wa unga: umetoka wapi, umesagwa saa ngapi, chembe zake zina ukubwa gani.

Kesho tutatengeneza vikombe vya nguzo za umeme. Kikombe kikipasuka juu ya nguzo, mtaa mzima unakaa gizani, na hapo hakuna atakayetaka kusikia habari za tanuri.