BIASHARA NDOGO NYUMBANI: Sabuni ya mama haikuwa na alama

Mwezi uliopita tuliongea juu ya daftari la madeni, na asanteni wale mlionisimamisha njiani kuniuliza maswali. Leo tuongee juu ya alama ya biashara, ile wengine wanaita logo au nembo. Najua kuna mtu ameshasema, "Aa, mwalimu, hiyo ni ya makampuni makubwa, sisi tunauza kwenye karai." Ngojeni kwanza.

Mama mmoja hapa kwetu anatengeneza sabuni ya kufulia ya kipande. Siku ya soko anaipeleka mpaka Koboko. Mwaka jana mtu mwingine akaleta sabuni ya rangi ile ile, lakini dawa imezidi. Watu wakaungua vidole. Wakaenda kulalamika kwa nani? Kwa mama yetu. Akakataa, akasema si yangu hii, lakini kipande ni kipande, hana kitu cha kuonyesha. Karibu wiki tatu hakuuza vizuri, na mkopo wa kikundi cha akiba ulikuwa bado unamngoja. Ndipo akaja kwangu, sababu watu wanafikiri kila mwalimu anajua kuchora.

Nikachora. Niliweka beseni, mama anafua, watoto wawili, maua, jua linachomoza, jina kwa Kiswahili, jina kwa Kiingereza na namba ya simu. Kwenye karatasi kubwa ilipendeza kweli! Vibandiko vilipochapishwa saizi ya kiberiti, mama akauliza, "Mwalimu, huyu ni mbuzi?" Alikuwa ni mtoto wa pili. Tena wino ulikimbia mara tu ulipopata maji, na sabuni kazi yake ni maji. Pesa ya mama ikaenda hivyo, na kosa lilikuwa langu.

Baadaye nikaanza kuangalia vitu vya nyumbani. Betri ya Tiger Head inatoka Guangzhou, China, na bibi asiyesoma hata herufi moja anaijua kwa kile kichwa cha mnyama. Rangi ya viatu ya Kiwi ilianza Australia mwaka 1906, na kwenye kopo kuna ndege mmoja tu. Siku hizi watu wanasema "kiwi" hata kwa rangi ya kampuni nyingine. Kibanda cha MTN unakijua kwa manjano na cha Airtel kwa nyekundu hata kabla hujafika. Sokoni kwetu mtu mmoja anaongea Kikakwa, mwingine Kilugbara, mwingine Lingala, mwingine Kiarabu cha Juba. Ukiandika maneno, utaandika ya nani? Picha moja inasomwa na wote.

Lakini jina nalo lina kazi yake. Kule Mombasa kuna duka la kanga la Kaderdina Hajee Essak, lilianza mwaka 1887. Mwenyewe alijulikana kama Abdulla, na kwenye kanga zake huandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla". Maneno mafupi tu, lakini mnunuzi anayatafuta kabla ya kutoa pesa. Hata mama zetu wa kutoka Kongo, kabla ya kununua kitenge si wanaangalia kwanza maandishi ya ukingoni?

Sasa kuna alama ambazo hatuwezi kuchukua. Mama alitaka ile mikono miwili inayomlinda mtu, ya UNHCR, "ili watu waamini". Hapana. Alama za Umoja wa Mataifa zinalindwa tangu mwaka 1946. Msalaba mwekundu pia, hata kama unauza dawa: unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Herufi Q ya UNBS unaweka tu ukishapimwa na kupewa kibali. Na jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifikiria mpaka mzee mmoja akaniambia: angalieni alama za vyama. Hapa Uganda basi ni NRM, ufunguo ni FDC, mwavuli ni NUP, jembe ni DP, mkono wazi ni UPC. Mkimbizi akipaka mwavuli mkubwa ukutani wakati wa uchaguzi, nani atamwelewa kwamba anauza chai?

Tukachagua kibuyu, sababu watu wananawia. Niliwaonyesha watoto wa darasa la tatu kwa muda mfupi, nikaficha, nikauliza ni nini. Wakapiga kelele wote: "Kwete!" Basi, pombe tena. Kibuyu kikafa pale pale.

Mara ya pili mama mwenyewe akasema tuchore kanga, yule ndege. Mwili wa mviringo, kichwa kidogo, madoadoa. Nilichora kwa mkaa, bila rangi yoyote, nikarudi nyuma hatua kumi, bado alikuwa kanga. Watoto nao wakamjua.

Vibandiko tuliacha. Fundi seremala alimchonga ndege ndani ya ule ukungu wa mbao wa kumwagia sabuni, na madoadoa akatoboa kwa msumari. Angalizo kwa mtakaojaribu: kinachochongwa kinatokea kimegeuka. Ndege hana shida, ataangalia upande mwingine tu, lakini herufi lazima zichongwe kinyume. Na chongeni kwa kina, ili alama isifutike haraka.

Juzi sokoni nilisikia mtu akisema, "Nipe ile ya kanga." Mama hakunitazama, alikuwa anahesabu chenji.

Mwenye biashara anayetaka kujaribu mchoro wake kwa watoto, alete Jumamosi baada ya masomo. Karatasi ninayo, mkaa njooni nao. Tuonane mwezi ujao.