Vigari vya Marekani si Adui Yetu

Muhula uliopita niliweka vigari vitatu kwenye dirisha la chumba changu bwenini: Chevrolet Bel Air ya 1957, Cadillac ya 1959 na Ford Mustang. Hata wiki haikuisha, mwenzangu mmoja alisimama mlangoni, akavitazama, akanitupia methali: "Mwacha mila ni mtumwa." Waliokuwa naye wakacheka. Nilinyamaza siku ile. Leo najibu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Hivi si vitu vya kuchezea mchangani. Ni mifano ya magari halisi, mingi ikitengenezwa kwa madini yenye zinki ambayo huyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Kila kimoja kina kipimo chake. Cadillac yangu ni ya 1:18, maana yake gari lenyewe ni kubwa mara 18. Gari hilo lilikuwa na urefu wa karibu mita 5.7, na kigari changu kina sentimita 32 hivi. Ukifungua boneti unaiona injini. Mapezi ya nyuma, yale yaliyofanya gari lionekane kama linataka kuruka, yamo vilevile. Aliyekitengeneza alipima kabla ya kukata, na mimi nampenda mtu anayepima.

Wanaonilaumu wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba hii ni mali ya Marekani. Basi waone chini ya kigari: kimeandikwa kwamba kimetengenezwa China. Nilikinunua Gisenyi kwa muuza mitumba, rangi ikiwa imechubuka ubavuni. Na huyo aliyenitupia methali alifika chuoni kwa Toyota Hiace. Mbona hakuna aliyemwita mtumwa wa Japani?

Hoja ya pili ni pesa. Wanasema nafuja pesa wakati kuna mahitaji. Vyote vitatu havikufikia bei ya viatu vya yule aliyeitoa hoja hiyo. Nakubali kwamba wapo duniani wanaokesha wakitafuta kigari kimoja adimu kwa bei ya ng'ombe, na hao siwatetei. Ila kosa la mtu kupita kiasi haliifanyi kazi yenyewe kuwa kosa.

Hata hivyo, sikuandika ili nijisafishe. Lipo shtaka la kweli ambalo hakuna aliyenishtaki nalo, na nitalitoa mwenyewe.

Kwetu ni Mudende, kule juu kwenye baridi na udongo wa volkano, kwenye mashamba ya viazi. Kaka yangu alikuwa fundi wa magari ya waya. Alikuwa akisimama kando ya barabara na kuangalia malori yakipakia magunia ya viazi, kisha akirudi nyumbani kuyatengeneza kwa kichwa. Waya aliuokota, bodi aliikata kwenye makopo, magurudumu aliyachonga kwenye kandambili zilizokufa. Usukani aliuweka kwenye kijiti kirefu ili aliendeshe akiwa amesimama. Magurudumu ya mbele yalikata kona kweli. Lori lake kubwa kuliko yote lilikuwa na milango ya nyuma inayofunguka, na chini yake alikunja waya ziwe springi, maana alisema lori lisilo na springi litavunja viazi.

Kaka alipokwenda Kigali kutafuta kazi ya ujenzi, lile lori lilibaki uvunguni mwa kitanda changu. Siku tuliyohama nyumba nililitupa. Hakuna aliyeniambia nilitupe, na sikulipiga hata picha moja. Niliona ni waya tu na makopo.

Haya ndiyo makosa yangu, na wenzangu wenye methali wanayo pia. Nawauliza: nani kati yenu aliyehifadhi gari la waya? Mnaitetea mila ambayo nyinyi wenyewe mmeiacha ikanyeshewa mvua nyuma ya nyumba. Kigari cha Marekani hakikulifukuza lori la kaka yangu. Dharau yetu ndiyo iliyolifukuza.

Ng'ambo ya mpaka, pale Goma, wenzetu walifanya jambo. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma inayobeba magunia na kuni, ilisimamishiwa sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya mji. Nawapongeza. Lakini sanamu haitoshi. Haikuambii ni mti gani unafaa kwa gurudumu, wala mafundi wanakiitaje kila kipande. Mkusanyaji wa vigari hujiuliza maswali hayo kila siku: mwaka gani, nani katengeneza, kwa kitu gani, kwa kipimo gani. Mimi nilijifunza kuyauliza kwa Cadillac, nikajuta kwamba sikuyauliza kwa lori la waya.

Na hapa nawageukia wahadhiri wetu kwa heshima. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na kila siku tunaambiwa istilahi hazitoshi. Kaka alikuwa na jina kwa kila kiungo cha lori lake, mengine ya Kinyarwanda, mengine ya Kiswahili cha Goma, mengine ya Kifaransa kilichovunjwa kikanoga. Mwanafunzi akileta pendekezo la utafiti juu ya msamiati wa watoto wanaotengeneza magari ya waya, tafadhali msimwambie kwamba huo ni mchezo. Mpeni daftari na rula, aende Mudende.

Juzi nilimpigia kaka simu nikamwomba anitengenezee lori jingine. Alicheka sana. Akauliza, "La nini tena, wewe mtu mzima?" Nilimwambia nataka kuliweka dirishani, kando ya Cadillac. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza dirisha lina upana gani. Nimekwisha kulipima, na Mustang nimeisogeza pembeni.