Mizani Nne za Mystérieux

Wapo wafasiri wetu ambao, wakikutana na mshororo wa Kifaransa wa kale, huuhesabu kwa ulimi wa sokoni, wakauona umepungua, kisha wakahukumu kwamba Wafaransa hawajui kupima. Hukumu hiyo ni ya haraka, na anayedhulumiwa ni mshairi asiyeweza tena kujitetea.

Na litazamwe neno moja tu, sifa mystérieux, yaani "-enye fumbo". Mjini Paris leo hutamkwa kwa silabi tatu: mys-té-rieux. Ile x haisikiki, na irabu ya mwisho hutoka kwa ulimi wa e na midomo ya o. Lakini katika ushairi wa kikanuni neno hilo lina mizani nne: mys-té-ri-eux. Ile i husimama peke yake, kwa kuwa asili ya kiishio hicho ni -iosus ya Kilatini, ambamo i na o zilikuwa silabi mbili. Ndiyo maana pieux, mcha Mungu, ni mizani mbili, na vieux, mzee, ni moja, ingawa jicho huyaona mamoja: ie ya vieux imezaliwa na irabu moja tu ya Kilatini.

Sasa na lipimwe fungu mystérieuse mer, bahari yenye fumbo. Mazungumzoni ni mizani nne. Kwa kanuni ni sita, mys-té-ri-eu-se-mer, maana e ya mwisho nayo huhesabiwa ikifuatwa na konsonanti. Sita ni kipande kamili cha mshororo wa aleksandrini, wenye mizani 12. Asomaye nne ameiba mbili, kisha anamshitaki aliyeibiwa.

Watasema kanuni hiyo imekufa, kwa kuwa tangu mwisho wa karne ya 19 washairi wengi wa huko waliilegeza. Kweli waliilegeza, lakini katika tungo zao wenyewe; hawakuzipima upya za waliowatangulia.

La ajabu ni kwamba wahukumu hao hao ni wakali wa mizani kwetu. Nani kati yao atakubali mbuyu uhesabiwe sawa na mbuzi? Watajibu papo hapo: m-bu-yu ni tatu, maana m yake ni kiambishi kilichokuwa mu, mbu-zi ni mbili. Sikio lao linaijua asili ya m, lakini linaikana asili ya i.

Mfasiri asiyempa mgeni haki anayoidai nyumbani kwake hafasiri, anapora. Na ahesabu kwanza kwa vidole, ndipo ashike kalamu.