Maneno ya Chombo ni Yetu Pia

Muhula huu tulifundishwa maneno ya chombo: omo ni mbele, tezi ni nyuma, na ngama ni chini ndani, pale maji yanapokusanyika. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, Juba haina bahari. Haya yatatufaa nini?" Darasa zima tulicheka, hata mimi. Lakini nimefikiri tena, nami naona tulicheka bure.

Ni kweli, Kiswahili cha Mombasa hakitufikii kwa maji. Kati ya Nimule na Juba mto una maporomoko, wala chombo hakipiti; shehena huja kwa lori. Lakini dereva wa lori ashika nini? Ashika usukani, nao ni wa chombo tangu asili. Nahodha wa timu yetu ya mpira na rubani wa ndege, majina yao yametoka majini vile vile.

Tena sisi hapa, kwa Kiarabu cha Juba, chombo twakiita murkab na mto twauita bahar. Mswahili asema merikebu na bahari. Ni maneno yale yale ya Kiarabu: kwetu yalifika kwa njia ya Nile kutoka kaskazini, pwani yalifika kwa njia ya bahari. Leo ndugu hao wamekutana darasani, nasi twawacheka!

Mwaka jana nilisafiri kutoka Bor kwa mashua ya injini, iliyojaa watu wa makabila mengi. Wimbi lilipotupiga, mwenye mashua akapaza sauti tukae chini. Wengine hawakumwelewa, wakasimama. Mashua ikaenda mrama, na gunia la mtama la mama mmoja likazama. Neno moja linalojulikana na wote lingaliliokoa.

Basi naomba walimu watupeleke bandarini Juba, tuandike jina la kila kitu cha chombo kwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kibari na Kidinka. Nanyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi katika matishari, tuleteeni maneno yenu.

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Nami naongeza: hata nahodha akiwa mmoja, abiria wasipolielewa neno lake, chombo kitakwenda mrama tu.