Shopping Bila Riba kwa Wafanyakazi wa Serikali: Ngori Huanza Mwezi wa Nne

Kama wewe ni mwalimu, polisi, nesi ama karani wa kaunti, hii form lazima ishakufikia. Ajenti huja stafrumu ama kwa geti ya ofisi saa ya chai, amebeba karatasi za rangi. Unga, mchele, sukari, mafuta ya kupika, sabuni. Chukua leo, lipa pole pole miezi 3, riba sufuri. Anachotaka ni kopi ya kitambulisho, payslip ya juzi na sahihi yako.

Biashara yenyewe ni halali, na kuna watu imewaokoa Njaanuary karo ikiwa imemeza kila kitu. Lakini jiulize kitu kimoja kabla ya kutia sahihi. Mbona hii ofa imekuja kwako na haijaenda kwa jirani yako fundi wa jua kali, ambaye kuna wiki anaingiza doo kukuliko?

Jibu ni payslip. Pesa ya fundi lazima umfuate nayo. Yako inakatwa kabla haijafika benki. Ajenti hahitaji kukupigia simu wala kukujua tabia, anahitaji tu mwajiri wako akubali makato. Mkopeshaji ambaye hana hofu ya kutolipwa anaweza kabisa kuacha riba. Ataipata mahali pengine.

Hapo pengine mara nyingi ni bei. Tuseme unga wa kilo 2 ni shilingi 150 kwa supamaketi ya mtaa wako, na kwa orodha ya ajenti ni 170. Hiyo 20 hakuna mtu ataiita riba, lakini ni zaidi ya asilimia 13 juu ya bei, na umeilipia miezi 3 pekee. Hustler Fund, yenye watu huitusi kila siku, ni asilimia 8 kwa mwaka mzima. Halafu angalia chini ya form, kwa yale maandishi madogo: ada ya kushughulikia, bima ya mkopo, pesa ya kuletewa mzigo. Zote zinaweza kukaa hapo na neno "bila riba" libaki kweli.

Na usitegemee Benki Kuu ikutetee haraka. Kanuni zake za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali ziliacha nje muuzaji ambaye biashara yake hasa ni kuuza bidhaa, na mkopo ni nyongeza tu. Kwa hivyo msee wa app anaweza kuwa na leseni ya kukopesha kuliko anayekuuzia mchele kwa deni.

Sasa tuseme bei ni safi kabisa, sawa na ya cash. Bado kuna hesabu moja ambayo ajenti hatakufanyia.

Sofa ukikopa, unamaliza kulipa ukiwa bado umeikalia. Unga haukai. Chukua shopping ya 12,000 ya kukula mwezi mmoja, inayolipwa 4,000 kila mwezi. Umebeba Januari mwanzo. Mwisho wa Januari wanakata 4,000, unasema kumbe ni rahisi hivi. Lakini stoo imeisha, so unabeba ingine. Mwisho wa Februari wanakata 8,000. Unabeba tena. Mwisho wa Machi wanakata 12,000, na hapo umefika pale pale ulikuwa unalipa cash. Ule unafuu wa miezi ya kwanza umekwisha.

Shida ni kutoka. Ukiamua Aprili hutaki tena, mshahara wa Machi ushakatwa 12,000, na bado unahitaji 12,000 ingine mkononi ya kununua chakula cha Aprili. Jumla 24,000 kwa mwezi mmoja, juu ya chakula tu. Mwezi unaofuata ni 20,000, halafu 16,000, ndio urudi kwa 12,000 yako ya kawaida. Ni nani kwa kazi ya serikali ana hiyo 24,000 imekaa tu? Hakuna. So mtu anajaza form ingine, na ajenti anajua hivyo. Hakudanganyi mahali popote, riba ni sufuri kweli, lakini huyu mteja haendi mahali.

Na usisahau payslip yenyewe ishapunguka. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara wote, SHIF tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75, PAYE iko hapo, na walio kwa mpango mpya wa pensheni ya serikali wanatoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi. Ongeza sacco na loan ya benki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara, na HR ofisini huangalia usibaki chini ya theluthi ya basic. Kama basic yako ni 30,000, hiyo ni 10,000. Watu husoma hiyo sheria ni kama ruhusa ya kushuka mpaka hapo. Lakini hiyo 10,000 ndiyo ya rent, fare, gesi na sukuma, maana orodha ya ajenti haina sukuma. Na ikiisha tarehe 12 unaangukia Fuliza, yenye ada ya kila siku. Umekopa unga bila riba, halafu unakopa nyanya kwa ada.

Nyanya ndizo zinatuleta kwa mtu ambaye hajatajwa kwa hii story yote. Kuna shopping bila riba ilikuwa kabla ya ajenti. Inaitwa kitabu cha mama mboga, ama cha mwenye duka pale chini ya ploti. Hakuna form, hakuna bima. Anaandika jina, anaandika 180, mwisho wa mwezi unapitia hapo. Bei ni ile ile ya kila mtu, na yeye saa kumi usiku yuko Marikiti akinunua kwa pesa taslimu.

Tofauti ni foleni. Makato ya ajenti yanatoka kwanza, mama mboga analipwa na kilichobaki. Aprili 2023, wafanyakazi wengi wa serikali walikuwa bado wanangoja mshahara wa Machi, na kaunti nazo hukwama kila Hazina ikichelewesha mgao. Wakati kama huo, kampuni yenye form ina orodha yako, itangoja tu mfumo ulipe. Mama mboga hawezi kungoja hivyo. Kitabu kikijaa majina ya watu wa serikali, mtaji wake umelala kwa hizo kurasa, na asubuhi meza inakuwa na mafungu matatu ya mchicha.

Kuna njia hii kitu inaweza kukufaa. Beba mara moja, vitu vikavu vya kukaa miezi 3 nzima: mchele, sukari, sabuni, maharagwe. Chakula na deni viishe siku moja, usijaze form ya pili katikati. Lakini hiyo inafanya kazi tu kama bei ni ya supamaketi, kwa hivyo omba orodha uende nayo jioni, ulinganishe rafu kwa rafu. Uliza pia mshahara ukichelewa kuna faini ama hakuna, na ukitaka kulipa yote mapema inakuwaje. Uandikiwe majibu kwa form, si ya mdomo. Ajenti atakwambia ofa inaisha leo saa kumi. Mwache aende. Mwezi ujao atakuwa hapo kwa geti, na karatasi za rangi ingine.