Ile Video Yangu ya "Berlin kwa Elfu Ishirini"

Watu wangu, leo sina video. Nina maandishi tu, na ni marefu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali ukae.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video niliyoweka mwanzoni mwa Oktoba 2025, "Siku Saba Berlin kwa Elfu Ishirini". Hakuna video yangu iliyowahi kutazamwa hivyo. Na hesabu iliyo ndani ni ya kweli. Kuanzia nilipotoka uwanja wa ndege wa Berlin hadi niliporudi palepale, nilitumia euro 130, ambazo kwa bei ya euro ya wiki ile ni kama shilingi 19,500. Risiti ninazo. Kila senti niliyotaja niliitumia.

Lakini video yenyewe ilidanganya. Imenichukua muda kukubali.

Aliyenifanya nikubali ni mama mmoja jirani yetu huku Kaplong. Alikuja nyumbani katikati ya Oktoba, wiki zile bonasi ya chai ilikuwa imeingia, hiyo bonasi iliyofanya wakulima wengi wa upande wetu wa Bonde la Ufa wanune. Alikuwa na simu ya kijana wake mkononi na video yangu imefunguliwa. Mama yangu akamletea chai. Hakuigusa.

"Mwanangu, hebu nieleze," akasema. "Hii elfu ishirini, ndege iko ndani?"

"Hapana, mama."

"Na ile karatasi ya kukubaliwa kuingia?"

"Haiko."

"Na mahali pa kulala?"

"Nililala kwa rafiki yangu, mama."

Akanyamaza. Halafu akaniambia kuna jamaa alikuja kwa kijana wake, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, akamwambia kwa elfu sitini atampeleka majuu. Kijana alipouliza mbona bei ni ya chini hivyo, jamaa alimwonyesha video yangu. "Huyu si ni wa hapa Kaplong? Yeye alitumia ishirini." Mama alikuwa ameshatoa elfu ishirini za kwanza kutoka kwa bonasi. Namba ya yule jamaa sasa ilikuwa mteja.

Sikumjua huyo jamaa na sikupata hata shilingi. Hilo halinisaidii. Video yangu ndiyo iliyomfungia biashara.

Basi ngoja niweke hesabu yote hapa, ile niliyopaswa kuweka tangu mwanzo.

Pasi ya kusafiria, 7,500. Nauli ya Kaplong hadi Nairobi na kurudi, mara tatu, kwa sababu hakuna anayechukua alama zako za vidole ukiwa Kaplong: 7,200. Ada ya viza ya Schengen, euro 90 tangu Juni 2024, yaani 13,500. Hiyo niliilipa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliomba nchi nyingine, sitaitaja, wakanikatalia, na ukikataliwa hurudishiwi kitu. Bima ya safari, ambayo sheria inataka iweze kulipa matibabu ya hadi euro 30,000: nililipa 4,000. Tiketi ya ndege kwenda na kurudi, 98,000. Halafu ndiyo uweke zile 19,500 za Berlin.

Jumlisha: 163,200.

Kwa hivyo ile elfu ishirini niliyojigamba nayo ni kama sehemu moja tu kati ya nane. Nilikuonyesha kipande kimoja cha mkate nikakwambia ndio mkate.

Na bado kuna vitu havina risiti. Fomu ya viza inauliza kazi yako. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sina barua ya mwajiri, sina hati ya shamba, shamba ni la baba. Ninatengeneza video. Hebu andika hivyo kwenye fomu uone. Barua ya kukataliwa ilikuwa na kisanduku kimewekwa alama, na maana yake kwa lugha ya kawaida ni: hatuamini utarudi kwenu. Majani ya chai tunayochuma hapa yanaenda mnada wa Mombasa, yanapanda meli hadi Ulaya, na hakuna anayeyauliza yatarudi lini. Mimi niliulizwa. Ilibidi niache pesa zangu zikae benki karibu mwaka mzima bila kuziguza, ndipo nikaomba tena.

Sasa linganisha na kijana wa Berlin anayetaka kuja kuona mashamba ya chai ya Kericho. Tangu Januari 2024 anajaza fomu ya idhini ya kuingia Kenya kwenye simu yake, analipa dola 30, anasubiri siku chache. Hapandi matatu ya saa tano kwenda kuwekwa foleni. Ndiyo maana video za wazungu za "Paris kwa euro 30 kwa siku" ni za kweli kwao. Mlango wa nyumba yao uko wazi, wanahesabu chakula na malazi tu. Sisi tumechukua mtindo wao wa video, tukaubeba hadi huku bila kuongeza bei ya mlango. Mimi ni mmoja wao.

Kuna kitu kingine nilikificha, na hiki kinaniuma zaidi: rafiki yangu.

Kwenye video anaonekana mara tatu, anacheka. Nilimwita "mwenyeji wangu" na nikaendelea. Tulisoma naye shule ya msingi. Alienda Ujerumani kusomea uuguzi, ile kozi ya kusoma huku unafanya kazi, na anaishi kwenye chumba kimoja ndani ya nyumba anayogawana na watu wengine watatu. Mimi nililala kwenye godoro lake, yeye akalala sakafuni juu ya blanketi mbili. Tulipigana kwa maneno usiku wa kwanza, akashinda. Kitanda kwenye bweni la wageni Berlin ningepata kwa kama euro 30 kwa usiku. Siku saba ni euro 210. Hiyo peke yake ni zaidi ya pesa zote nilizotumia mjini. Bajeti yangu ilikuwa mgongo wake.

Siku ya tano ndipo nilipogundua kwamba zile siku zote alizokuwa "ofu" alikuwa amebadilishana zamu na wenzake. Nikiondoka, angefanya zamu za usiku mfululizo kuzilipa. Hakuniambia, niliona ratiba imebandikwa kwenye friji. Nilipomuuliza alisema, "Wewe ni mgeni wangu. Ulitaka nikupe ramani uende peke yako?" Sijui kama mnaelewa. Huyu ni mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi.

Sasa, sitaki mtu aseme nimekuja kuwakatisha watu tamaa. Nilifurahi Berlin, na mji ule kweli unatembeleka kwa pesa kidogo ukishaingia. Haya bado nasimama nayo:

Tulipika. Duka la Waafrika lilikuwa na unga wa ugali, kabeji na mayai ni bei ya chini kwenye maduka ya Lidl na Aldi. Tulinunua döner mara mbili tu, kama euro 7 kila moja, na moja inashibisha watu wawili wakiwa na adabu. Chupa za plastiki na mikebe ya soda usitupe, kila moja unairudisha kwenye mashine dukani unapewa senti 25. Ukipanda basi namba 100 kwa tiketi ya kawaida linakupitisha karibu na majengo makubwa ambayo watu hulipia basi la watalii kuyaona. Kuba ya kioo juu ya bunge lao unapanda bure, bora ujiandikishe mapema na ubebe pasi. Uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, uliofungwa 2008, sasa ni bustani ya umma. Tulitembea kwenye njia ya kurukia ndege tukila mahindi ya kuchoma tuliyochoma wenyewe.

Na Jumapili ya tarehe 21 Septemba tulisimama kando ya barabara kutazama Berlin Marathon. Hakuna kiingilio. Jua lilikuwa kali kuliko nilivyotarajia Ulaya. Sabastian Sawe alipita mbele yetu akiwa peke yake, na baadaye tukasikia ameshinda kwa 2:02:16. Upande wa wanawake Rosemary Wanjiru naye akashinda. Mzee mmoja Mjerumani aliona bendera yetu ndogo akatupigia makofi sisi, kana kwamba ndio tulikimbia. Ni mji uleule ambako Kipchoge alikimbia 2:01:09 mwaka wa 2022. Mtu wa huku kwetu akisimama pale hahitaji kuelezwa kitu.

Siku iliyofuata rafiki yangu alinipeleka mtaa wa Wedding. Tukashuka kituo kinachoitwa Afrikanische Straße, tukatembea hadi kwenye kibao cha barabara kilichoandikwa Maji-Maji-Allee. Nilisimama nikakisoma mara mbili. Neno letu kabisa. Barabara hiyo ilipewa mwaka wa 1939 jina la Carl Peters, yule aliyewatengenezea Wajerumani koloni Tanganyika. Agosti 2024 wakaibadilisha, na sehemu moja ikapewa jina la vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wenyeji wengine wa mtaa walikuwa wamepinga kwa miaka. Kuona hicho kibao hakugharimu chochote zaidi ya tiketi ya treni, na ndicho kitu ninachokikumbuka kuliko vyote. Nacho sikukiweka kwenye video. Nilidhani hakitatazamwa.

Kwa hivyo safari ilikuwa nzuri. Kosa langu halikuwa kusema Berlin ni rahisi. Kosa ni kuanza kuhesabu nikiwa tayari nimeshaingia ndani.

Najua mtakachosema kwenye komenti. "Kila mtu ana akili zake, mama angeuliza kwanza." Aliuliza, bana. Aliuliza kupitia kijana wake, na jibu alilopewa lilikuwa video yangu. Mwingine atasema matapeli walikuwepo kabla yangu. Ni kweli. Mwaka wa 2023 tuliona wazazi wakiandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao waende kusoma Finland na Canada. Watu waliuza ng'ombe, wakauza mashamba. Sasa, mtu anayejua hilo, anayeishi kwenye eneo hilihili ambako tunafanya harambee kumpeleka mtoto mmoja ng'ambo, si alipaswa kuwa mwangalifu zaidi wa kutaja bei? Nilijua kichwa chenye elfu ishirini kitabonyezwa na kichwa chenye laki moja na sitini kitapitwa. Nilichagua nikijua.

Na wale mnaosema nikitaja bei kamili vijana watavunjika moyo: mnawadharau. Kijana wa hapa anajua kulea ng'ombe miaka mitatu kabla hajakamua. Ukimwambia ni laki moja na elfu sitini na tatu, na huenda ukakataliwa mara ya kwanza bila kurudishiwa, anaweza kupanga miaka miwili. Ukimwambia ni elfu ishirini, anampa jamaa aliye mteja.

Ombi langu kwa wenzangu tunaotengeneza video za safari ni dogo. Mwishoni, kabla ya kusema "bonyeza hapo chini", taja vitu vitatu: ulilipa nini kabla ya kupanda ndege, ulikataliwa viza mara ngapi, na nani alikulaza. Sekunde ishirini tu. Kama hizo sekunde zinaiharibu video yako, basi jua video yako ilikuwa imesimama juu ya nini.

Tulienda na yule mama kuripoti kituoni. Wameandika. Tunasubiri. Nilimwambia nitamrudishia zile elfu ishirini kidogo kidogo, akakataa. Alisema pesa hizo si mimi niliyezichukua. Alichotaka ni kitu kimoja: niseme kwenye simu, palepale niliposema mwanzo, kwamba bei ile si ya kweli, ili yule kijana wake asikie kutoka kwangu na si kutoka kwake, maana yeye anadhani mamake ndiye anayemzuia kwenda.

Video sijaifuta. Nimebadilisha kichwa. Sasa kinasema "Siku Saba Berlin kwa 163,200, na Godoro la Rafiki". Watazamaji wameshuka sana. Kijana ameitazama. Jana alikuja kuniuliza pasi inaombwaje, nikampa chai, tukaanza na kalamu na karatasi.